Tundu la Mguu wa Kiti

12 Januari 1989

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti la mama limepoa, na shemeji bado anakoroma kwa ile sauti yake ya kufukuza panya. Sisi huku hatujambo. Wifi yako anakusalimu sana. Amepata kazi ya kushona sare kwenye kiwanda kidogo nyuma ya nyumba tunayopanga, na siku hizi akirudi ananipima mabega kwa macho kabla hajanisalimu. Mtoto ameota meno mawili na anayatumia. Chumba chetu ni kimoja, lakini kina madirisha pande mbili, kwa hiyo upepo unaingia huku na kutokea kule bila kutuomba ruhusa.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe kabla karatasi haijaisha. Karakana niliyoingia inatengeneza viti vya mbao vya mtindo kama wa vile unavyotengeneza wewe: kikalio kinene, miguu minne inayochomekwa moja kwa moja kwenye kikalio, imetanuka kidogo kama mtu anayejiandaa kubeba mzigo. Mimi nilikuwa kwenye msasa. Mwezi uliopita fundi anayetoboa matundu ya miguu aliondoka kwenda kufungua karakana yake. Msimamizi wetu, tunayemwita Kimya kwa sababu siku akisema maneno kumi watu wanaulizana kama anaumwa, akatukusanya akauliza nani amewahi kutoboa.

Mdomo mponza kichwa, dada. Nilisema mimi ni mdogo wako, mdogo wa fundi Jicho. Nikaeleza jinsi watu wanavyokuja kusimama mlangoni kwako kukuangalia tu, unavyotoboa bila kipimo cha aina yoyote, mguu unaingia na kukaa kama ulizaliwa humo. Niliposhusha pumzi nikakuta nimeshikishwa keke ya kutobolea.

Nimepewa hadi mwisho wa Aprili. Nikiweza, naandikwa fundi. Nikishindwa, kwenye msasa ameshawekwa mtu mwingine, maana yake nafungasha mke na mtoto narudi nyumbani. Hakuna njia ya katikati.

Vikalio vya mwanzo nimeviharibu vyote. Kiti cha kwanza kilisimama kama ndama aliyezaliwa asubuhi hiyo. Kimya alikizunguka, akashika mguu mmoja jinsi daktari anavyoshika mkono wa mgonjwa, halafu akaenda kunywa chai. Angenitukana ningepata nafuu.

Nieleze unavyofanya. Nimekaa kwako miaka yote ile nikikushikia kikalio kisicheze, lakini kusema kweli nilikuwa nashika na kupiga domo. Niandikie hatua kwa hatua, kama unamweleza mjinga, maana ndiye utakayekuwa unamweleza.

Mdogo wako anayekuheshimu.


9 Februari 1989

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako ilifika mapema, mchelewaji ni mimi. Mama goti limetulia kidogo, ila sasa amegundua kwamba akikaa kwenye kiti chake uani anaweza kutuamrisha sote bila kuinuka, na sidhani kama goti hilo litapona tena. Shemeji yako ni mzima. Anasema panya wamehama tangu ulipohama, kwa hiyo hajui nani alikuwa anawafuga.

Nimefurahi kusikia wifi yangu amepata kazi. Mwambie kazi ya kushona haitaki haraka, na mume wa kupiga domo hataki kusikilizwa sana.

Huku kazi ipo. Muuguzi mkuu wa zahanati amekuja mwenyewe kuagiza viti vya wagonjwa wanaosubiri. Anasema mabenchi waliyonayo yanawaumiza watu kuliko yale yaliyowaleta. Nilimwambia avute subira. Kwanza namalizia vile vikalio tulivyotoboa pamoja kabla hujaondoka, halafu naanza vyake.

Kuhusu kutoboa, sioni siri iko wapi. Geuza kikalio juu ya meza, uso chini, tumbo juu. Simama mbele yake. Tia ncha ya keke kwenye alama, inamisha keke kadiri mguu utakavyoinama, toboa. Jicho litakuambia likitosha. Wewe ulikuwa unaangalia nini muda wote ule?

Lakini usihuzunike, sitakuacha uaibike mbele ya watu. Nimeamua hivi: nikianza viti vya zahanati nitaweka kalamu nyuma ya sikio, na kila nitakachofanya nitakiandika palepale, hata kama ni kupiga chafya. Utapata hatua zote, na ukishindwa hapo usimtaje tena dada.

Salamu kwa wifi. Mbusu mtoto, ila uangalie vidole.

Dada yako.


27 Februari 1989

Dada mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo kwa mama hapo kitini alipo. Sisi wazima, isipokuwa mvua imeanza na yale madirisha mawili niliyojivunia sasa nayajutia yote mawili. Wifi yako ameshona pazia la turubai. Fundi wa nguo ni mtu mwema kuwa naye nyumbani.

Nimefuata ulichoniambia, nami nakuletea ripoti kama askari. Viti vyangu sasa vina tabia moja. Ukivitazama kwa ubavuni, utanipa mkono: miguu ya mbele imekwenda mbele kidogo, ya nyuma imekwenda nyuma, vizuri kabisa, hata Kimya hakukunja uso. Lakini njoo uvitazame kwa mbele. Mguu mmoja umetanuka kama wa mtu aliyeshiba, mwenzake umejikunja ndani kama wa mtu aliyebanwa na haja. Kila kiti ni hivyohivyo. Nimebadilisha keke, nimebadilisha meza, nimenoa ncha. Ugonjwa haujaondoka.

Nikiwa hapa ndipo naona ukubwa wako. Zamani nilidhani ni kawaida. Nilikuwa nakuona unafunga kitambaa kichwani, unapanua miguu yako mwenyewe kwanza, unaegemeza kifua juu ya keke na kunyamaza, na vumbi la mbao linatoka kwenye tundu likiwa jembamba na safi kama tambi. Hukuwahi kurudia tundu. Hukuwahi kupachika kijiti kuziba kosa. Hapa kuna mafundi wamefanya kazi hii tangu sijaota ndevu, na sijaona hata mmoja mwenye utulivu ule. Nikiwasimulia wanasema natunga. Nami najibu kwamba ningekuwa na akili ya kutunga kitu kama hicho nisingekuwa na shida ya kutoboa.

Ile kalamu ya sikioni imeandika nini? Nasubiri kama mtu anayesubiri mvua, ingawa mvua tunayo.

Mdogo wako.


30 Machi 1989

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Mama anawasalimu. Shemeji yako amesafiri kidogo kikazi.

Viti vya zahanati vitachelewa, mbao zilikuwa mbichi. Kwa hiyo sikupata nafasi ya kukuandikia zile hatua. Usinilaumu, mambo ni mengi.

Nataka nikuulize kitu. Hapo kazini kwenu anayetoboa anasimama peke yake? Na wewe ulipokuwa hapa ulikuwa unasimama upande gani wa meza? Nimejaribu kukumbuka nimesahau.

Wasalimie wote.

Dada yako.


6 Aprili 1989

Dada mpendwa,

Shikamoo. Sote wazima, na salamu nyingine nitaziandika mwishoni kwa sababu leo nina haraka ya kufika kwenye jambo.

Mbao za zahanati hazikuwa mbichi. Mimi ndiye niliyezipanga darini kwako, nikaweka vijiti katikati ili zipate hewa, na msimu wote wa jua ulipita juu yake. Zingekuwa kavu zaidi ya hapo zingewaka zenyewe. Nawe hujawahi kunidanganya kwa uwongo dhaifu hivyo. Ukidanganya huwa unadanganya vizuri. Kwa hiyo nilisoma barua yako mara mbili, na yale maswali yako mawili yalinikaa kichwani kama mwiba wa samaki.

Nakujibu. Hapa anayetoboa anasimama peke yake. Na mimi hapo kwako nilikuwa nasimama ubavuni mwa kikalio, kidevu karibu kiguse mbao, wewe ukiwa mbele.

Sasa sikiliza kilichotokea juzi. Nilikuwa natoboa, na kijana wa vanishi, mtu wa mizaha sana, alikuwa amesimama mbele ya meza yangu akisubiri kazi. Akashindwa kujizuia, akasema, "Unapeleka kulia. Lete. Lete tena kidogo. Hapohapo." Nikamfuata kwa hasira tu, nipate kumcheka likiharibika. Mguu ukaingia, tukautazama kwa mbele, tukautazama kwa ubavuni, pote sawa. Nikaweka keke chini, dada. Maana yale maneno niliyajua. Yalikuwa ya kwangu.

"Lete, peleka, hapohapo." Si ndiyo niliyokuwa nakuambia siku zote huku nikitafuna muwa na kukusimulia mambo ya watu? Wewe ulisimama mbele ukaona mguu unavyotanuka kulia na kushoto. Mbele na nyuma ulikuwa huoni, hakuna anayeweza kuona kutoka pale. Mimi nilisimama ubavuni nikaona mbele na nyuma tu. Na hapa, ingawa uliniambia nisimame mbele, kwa mazoea nimekuwa nikisimama ubavuni vilevile huku nimeshika keke. Ndiyo maana viti vyangu ni vizuri kwa ubavu na vituko kwa mbele.

Na vyako, nikikisia, ni kinyume. Uliweka kalamu sikioni, ukaanza kutoboa peke yako ili uniandikie, ukakuta kiti kinataka kupiga magoti. Kama nimekosea nitukane, nitapokea kwa mikono miwili.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Nilimweleza Kimya kwamba nikipewa mtu wa kusimama mbele naweza kazi hii. Akasema, "Hapa tundu moja, mtu mmoja." Yakaisha.

Kwa hiyo nimefikiri hivi. Mwisho wa mwezi uko karibu. Nikishindwa, na naelekea kushindwa, nitarudi, na tutatoboa wawili kama zamani. Viti vya zahanati vitatoka, jina lako litabaki pale lilipo, hakuna atakayejua. Wifi yako atahuzunika, ameipenda kazi yake, lakini ni mtu wa kuelewa. Hata sihitaji kungoja mwisho wa mwezi. Andika neno moja tu, nami nitafunga mizigo.

Msalimie mama. Usinifiche tena. Mficha uchi hazai.

Mdogo wako.


15 Aprili 1989

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama mzima, shemeji amerudi, na mimi nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nikakaa.

Hukukosea. Niliharibu kikalio cha kwanza nikasema ni keke. Cha pili nikasema ni kichwa kinauma. Cha tatu kilipoharibika, nikafunga mlango wa karakana mchana kweupe na kumwambia muuguzi kwamba mbao ni mbichi, halafu nikakuandikia na wewe uwongo uleule kwa kuwa nilishauzoea. Watu wananiita Jicho barabarani, nami naitika. Nilikuwa naogopa siku mtu atakaponiita kisha aone viti ninavyotoa. Niliumia sana, na sikulia, nilikasirika. Nilikukasirikia wewe kwa kuuliza. Usingeuliza ningeendelea kujiona fundi hadi kuzeeka.

Lakini nataka ulijue hili na ulikumbuke. Wewe hukuwa unashika kikalio tu. Mtu anayeona unywele mmoja wa kosa kwenye kipande cha chuma kinachozunguka, huku ana muwa mdomoni na umbea ulimini, huyo ana jicho ambalo sijaliona kwa mtu mwingine. Nililitumia miaka yote bila kujua kwamba ninalitumia, nikaliita kwa jina langu. Nimefanya kazi na fundi hodari sana, nikadhani ni mdogo wangu anayenipotezea muda.

Niliposoma "andika neno moja tu" niliandika neno hilo. Lilikuwa kwenye karatasi nyingine, na karatasi hiyo nimewashia jiko. Badala yake nakuandikia zile hatua ulizoomba Januari, maana sasa ninazo.

Nilizipata kwa hasira. Nilikaa sakafuni uani mbele ya kile kiti cha mama, kile tulichotoboa pamoja zamani, nikikitazama kama mtu aliyenidhulumu. Mama hakukubali kuinuka. Alisema kama nataka kugombana na kiti, nigombane akiwa juu yake. Nikajisogeza kwa makalio kukizunguka, macho kwenye mguu mmoja wa mbele. Kutoka hapa mguu unalala kushoto. Nikajisogeza. Unalala kushoto kidogo. Nikajisogeza tena, na mguu ukawa wima kabisa, kama umesimamishwa kwa timazi. Nikaendelea, ukaanza kulala kulia. Nikarudi pale ulipokuwa wima. Nilikaa hapo hadi mama akaniuliza kama nimechanganyikiwa.

Fahamu hili, mdogo wangu. Kila mguu ulioinama una mahali ambapo ukisimama unauona wima, kwa sababu kuinama kwake kote kunakuja kwako au kunakwenda mbali nawe. Hakuna tena kulia na kushoto, mbele na nyuma. Pande mbili zimekuwa upande mmoja. Mimi na wewe tulikuwa tunagawana pande mbili bila kujua kwamba zinaweza kukunjwa zikawa moja.

Basi fanya hivi. Chukua kiti kizuri cha hapo kwenu, kile mnachokiiga. Ukigeuze miguu juu mezani. Zunguka hadi mguu uuone wima, halafu piga mstari wa chaki kwenye tumbo la kikalio kutoka ulipo hadi kwenye mguu na kuupita. Fanya hivyo kwa kila mguu. Mistari hiyo uihamishe kwenye kikalio kipya. Uichore tumboni, si usoni. Mimi niliichora usoni, nikatobolea hukohuko usoni, nje kukawa ndani, nikapata kiti ambacho miguu yake yote inakimbilia katikati kama kuku wanaoitwa. Shemeji yako amekichukua anawekea redio.

Kisha chukua kipande cha ubao, kisimamishe juu ya mstari kikiegemea mguu wa kile kiti kizuri, uchore mlalo wake kwa penseli, ukate na upige randa. Miguu ya mbele kipande chake, ya nyuma chake. Usisubiri nikutumie vyangu, vyangu ni vya viti vyangu.

Ukitoboa, simama kwenye mstari. Ubao uweke kwenye mstari, nyuma ya keke. Macho yako yana kazi moja: keke isilale kulia wala kushoto, iwe wima tu, na wima hata mtoto anaiona. Kiasi cha kuinama usikitafute kwa macho. Laza keke taratibu hadi iguse ubao, ihisi ubao kwa mkono, hapo ndipo. Toboa.

Jana nimetoboa kikalio kizima hivyo. Ubao huo umechukua nafasi yako. Hauli muwa na hausimulii mambo ya watu, na mchana ulikuwa mrefu sana.

Fanya haraka, Aprili inaisha. Barua hii nampa dereva wa basi mkononi, posta siiamini tena.

Dada yako.


2 Mei 1989

Dada mpendwa,

Shikamoo. Sote wazima. Barua yako ilifika ikiwa imekunjwa kama sambusa kwenye mfuko wa dereva, zikiwa zimebaki siku chache. Niliisoma wakati wa chakula, nikaacha chakula.

Nilianza kuzunguka kile kiti cha mfano kilichowekwa kwenye rafu. Wenzangu waliniangalia nikiwa nimechuchumaa, nasogea, nachuchumaa tena, na kijana wa vanishi akauliza kama nimepoteza shilingi. Halafu mguu ukasimama wima mbele ya macho yangu, vilevile ulivyosema. Dada, niliguna peke yangu. Nimeishi na viti tangu utotoni, nimevikalia, nimevibeba kichwani, na sikuwahi kujua kwamba vina mahali pa kutazamwa. Wewe umelipata jambo hilo ukiwa umekaa sakafuni na hasira, mama akiwa juu ya kiti. Nimejaribu kuwaeleza watu jinsi ninavyokustaajabia sasa, nikaona afadhali ninyamaze, maana zamani nilikusifu kwa kitu ulichokuwa unafanya bila kujua, na hiki umekitafuta mwenyewe ukakipata. Hiki ni kikubwa zaidi.

Siku ya mwisho Kimya aliniletea kikalio, akakaa juu ya gogo na kukunja mikono. Nilipiga mistari tumboni. Nilisimama kwenye mstari wa kwanza, nikaweka ubao, nikalaza keke hadi ikaugusa. Mkono uliujua ubao kama ulivyosema. Nilitoboa yote manne bila kuondoa macho. Tukachomeka miguu, nikageuza kiti, nikakiweka chini, hakikutikisika hata kidogo. Nilikizunguka mimi mwenyewe kabla yake, mbele, ubavuni, nyuma. Nikashindwa kupata pa kukilaumu.

Kimya alikikalia. Alikaa muda mrefu, halafu akaagiza chai yake iletwe hapohapo. Alipomaliza akaomba kuona kile kipande cha ubao, akakigeuza geuza, akauliza nimekitoa wapi. Nikasema kwa dada yangu, Jicho. Akasema, "Sasa nimeamini yupo."

Nimeandikwa fundi. Wifi yako alipiga vigelegele hadi mwenye nyumba akaja kuuliza kuna nini, akapewa chai na yeye. Nilifurahi mchana kutwa. Jioni nilipokuwa nafagia chini ya meza yangu ndipo nilipoelewa nilichofanya. Nikishindwa nilikuwa narudi. Sasa sirudi. Na aliyenifanya nisirudi ni wewe, ulijua unafanya hivyo, ukampa dereva mkononi ili isichelewe.

Sijui niseme asante au nikugombeze. Lakini nilichosema Aprili bado nakisema: kama huko ni kuzito, nitaiacha kazi hii kesho. Viti vya zahanati vimefikia wapi? Usinijibu kwa habari za mbao.

Mdogo wako.


14 Mei 1989

Mdogo wangu, fundi,

Marahaba. Mama alisomewa barua yako mara tatu, ya tatu kwa ajili ya jirani. Shemeji yako anasema amejua siku zote kwamba utafika mbali, ingawa mimi namkumbuka akisema vingine.

Viti vya zahanati vimekwenda juzi kwenye mkokoteni. Vyote nimevitoboa mwenyewe. Muuguzi alivikalia kimoja kimoja, akiinuka na kukaa, akiinuka na kukaa, kama anasali. Hakuna kilichotikisika. Asubuhi iliyofuata kulikuwa na mzee aliyeitwa kuingia kwa daktari akasema wamtangulize mwingine, yeye hapa alipo amepata nafuu. Nilikuwa nimesimama dirishani pa zahanati nikasikia. Nilikwenda nyumbani nikitembea kama bibi harusi.

Mlango wa karakana uko wazi. Watu wamerudi kusimama pale kuangalia, na wananiuliza ubao ule ni wa nini. Nawaambia ni wa mdogo wangu.

Umeuliza kama huku ni kuzito. Ni kuzito. Nilitaka urudi. Nimelitaka tangu basi lako lilipokata kona, na sikulisema kwa sababu ningelisema ungerudi. Una jicho ambalo lingekaa ubavuni mwa meza yangu maisha yote, likiniambia lete, peleka, na watu wangeniita mimi fundi. Hapo ulipo wewe ndiye fundi, wifi yangu ana kazi anayoipenda, na mtoto analala karibu na cherehani ya mama yake. Mimi nimeweza. Polepole, lakini nimeweza.

Kwa hiyo usirudi, mdogo wangu. Njoo ututembelee.

Dada yako.